Ndakala, samaki mdogo wa ziwa Tanganyika

1. Samaki anayejulikana na wote

Ukienda sokoni Uvira, Baraka, Kalemie au Moba, utaona mafungu ya samaki wadogo weupe, wanaong'aa kama vipande vya bati. Wengine ni wabichi, wamejaa ndani ya beseni. Wengine ni wakavu, na mwenye kuuza huwapima kwa kikombe au kwa kikopo. Samaki hao ni ndakala.

Kila nchi ina jina lake kwa samaki huyu. Watu wa Uvira husema ndakala. Warundi husema ndagala. Watu wa Kigoma, upande wa Tanzania, husema dagaa. Kusini, katika nchi ya Zambia, huitwa kapenta. Wataalamu wamempa jina moja linalotumika duniani pote: Stolothrissa tanganicae. Jina hilo alipewa mwaka 1917.

Ndakala anaye ndugu anayefanana naye sana, anayeitwa lumbu. Wavuvi huwapata mara nyingi katika wavu mmoja, na wanunuzi wengi hawawatofautishi. Lumbu ni mkubwa kidogo. Jina lake la wataalamu ni Limnothrissa miodon, naye aliandikwa kwanza mwaka 1906 na Boulenger, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi London. Habari za lumbu zitakuja mbele, maana yeye alifanya safari ndefu ambayo ndakala hakuiweza.

Ndakala huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja. Nyama yake hujenga mwili wa mtoto. Mifupa yake huimarisha mifupa na meno. Mtoto anayelishwa ugali wa muhogo mtupu siku zote, bila samaki wala maharagi, huanza kudhoofika. Miguu na uso huvimba, nywele hubadilika rangi. Ugonjwa huo watu wa Kivu huuita bwaki. Kikombe kimoja cha ndakala katika chungu cha mboga ni kinga moja nzuri ya ugonjwa huo. Kwa hiyo inafaa kumjua vizuri samaki huyu: anakaa wapi, anakula nini, anazaa namna gani, na kwa nini siku nyingine wavuvi hurudi na mitumbwi mitupu.

2. Mwili wake

Tazama ndakala mmoja mbichi katika kiganja. Urefu wake ni sentimeta 7 au 8. Mara chache anafika 10. Mwili wake ni mwembamba na mrefu, kama jani la mti. Mgongo wake una rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Ubavuni kuna mstari mpana unaong'aa kama fedha. Magamba yake ni laini, yanabanduka upesi ukimgusa. Mkia wake umegawanyika sehemu mbili, kama mkia wa mbayuwayu, kwa hiyo anaogelea upesi.

Rangi hizo zina faida. Ndege anayetazama kutoka juu huona mgongo wa kijani na buluu, uliofanana na maji ya ziwa. Samaki mkubwa anayetazama kutoka upande huona ubavu mweupe unaorudisha nuru kama kioo. Ndakala hana meno makali, hana miiba ya kuchoma, hana sumu. Silaha yake ni kujificha penye mwanga, pasipo jiwe wala majani ya kujifichia.

Sasa mfungue mashavu yake. Ndani utaona vijino vingi vyembamba vilivyopangwa kama chanuo. Maji yanaingia kinywani na kutoka kwa mashavu. Vijino vile huzuia vidudu vilivyomo ndani ya maji, ndakala akavimeza. Ni kama chujio: vidudu hubaki, maji hupita.

3. Ziwa lake

Ziwa Tanganyika ni refu sana: karibu kilometa 670 tangu kaskazini hata kusini. Upana wake ni kilometa 50 hivi. Nchi nne zinaligusa: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga, hapo Kalemie, yakaingia Lualaba, na mwisho yakafika baharini kwa mto Congo.

Lakini jambo la kushangaza zaidi ni kina chake. Mahali penye kina kirefu kuliko pote ni meta 1,470. Katika dunia nzima kuna ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi.

Je, samaki hukaa mpaka chini kabisa? Hapana. Samaki anahitaji hewa, kama mtu. Yeye hupumua hewa iliyochanganyika na maji. Hewa hiyo huingia ziwani kwa juu tu, panapopiga upepo na mawimbi, na panapomea mimea midogo ya majini. Upande wa kaskazini, kama Uvira, hewa inafika meta 100 hivi. Upande wa kusini inafika karibu meta 200. Chini ya hapo maji hayana hewa hata kidogo, na samaki akishuka humo atakufa.

Basi ziwa ni kama nyumba ya ghorofa nyingi sana, lakini ni ghorofa ya juu tu inayokaliwa. Nyingine zote ni giza na hazina hewa.

Kwa nini maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki? Sababu yake ni joto. Jua huyatia joto maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Mepesi hukaa juu, mazito hukaa chini, karibu kama mafuta yanavyokaa juu ya maji katika sahani. Tofauti si kubwa: maji ya juu yana joto la digri 25 hata 27, na maji ya chini yana digri 23 na kitu. Lakini tofauti hiyo ndogo yatosha kuyatenga.

4. Upepo unavyoleta chakula

Ndakala hula vidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Kidudu kimoja si kikubwa kuliko kichwa cha sindano. Kinafanana na kamba mdogo, kina miguu mingi na pembe mbili ndefu. Vidudu hivyo navyo hula mimea midogo zaidi, ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona pasipo kioo cha kukuzia. Mimea hiyo ndiyo inayoyapa maji rangi ya kijani siku nyingine. Wataalamu huita mimea hiyo na vidudu hivyo kwa jina moja: planktoni.

Mimea ya majini ni kama mimea ya shambani. Inataka jua, tena inataka mbolea. Jua liko juu. Lakini mbolea iko wapi? Kila mmea unaokufa, kila samaki anayekufa, hushuka polepole mpaka chini. Huko huoza na kugeuka mbolea. Basi mbolea ya ziwa imewekwa akiba katika maji mazito ya chini, mahali pasipo jua. Juu kuna jua bila mbolea. Chini kuna mbolea bila jua. Ingekuwa hivyo siku zote, ziwa lingekuwa safi na la kupendeza macho, lakini samaki wangekuwa wachache.

Anayeleta msaada ni upepo. Tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kutoka kusini. Wavuvi wanauogopa kwa sababu unapindua mitumbwi. Lakini upepo huo huo unawalisha. Unayasukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini. Kusini maji hayo yakiondoka, maji ya baridi ya chini hupanda kushika mahali pake, nayo huleta mbolea. Mimea midogo humea kwa wingi. Vidudu hula mimea, huongezeka. Ndakala hula vidudu, huongezeka.

Upepo ukitulia, mwezi wa tisa, jambo la pili hutukia. Chukua beseni lenye maji, liinamishe upande mmoja, kisha liweke chini ghafula. Maji hayatulii mara moja. Huenda huku na kurudi huku mara nyingi. Maji ya ziwa hufanya vilevile. Yale yaliyosukumwa kaskazini hurudi kusini, halafu tena kaskazini, polepole, kwa muda wa wiki nyingi. Kila mara maji ya chini hupandishwa kidogo, na upande wa kaskazini nao hupata mbolea yake.

Kwa hiyo samaki aliye katika sahani ametokana na jua, mbolea ya chini na upepo wa kusi. Ikipungua moja ya hizo tatu, ndakala hupungua.

5. Safari ya kila siku

Ndakala hakai mahali pamoja. Kila siku anafanya safari ya kushuka na kupanda.

Asubuhi, jua likianza kutoa nuru, vidudu hushuka kwenye giza. Ndakala nao hushuka. Mchana hukaa mbali chini, meta nyingi kutoka juu, hata karibu na mpaka wa maji yasiyo na hewa. Huko adui hawamwoni vizuri. Nao hukaa pamoja, maelfu kwa maelfu, kundi moja, wote wakielekea upande mmoja. Adui akiingia katikati, kundi hugawanyika mbele yake na kuungana nyuma yake. Samaki mkubwa huona miili mingi inayong'aa kwa mara moja, asijue amshike nani.

Jua likishuka, vidudu hupanda juu kula mimea, na ndakala hupanda nyuma yao. Usiku wa giza huwa karibu na uso wa maji, wametawanyika, wakila. Kabla ya mapambazuko hukusanyika tena na kushuka.

Kwa hiyo mtu anayetupa wavu wake ziwani mchana, mbali na pwani, haoni kitu, naye atadhani ziwa ni tupu. Samaki wapo, lakini wako chini yake. Mvuvi wa ndakala ni mtu wa usiku.

6. Adui zake

Adui mkubwa wa ndakala ni mikeke. Huyu ni samaki mwenye mwili mrefu na kinywa kikubwa, naye hufika sentimeta 30 au 40. Mikeke huwafuata ndakala popote waendapo. Wakishuka, hushuka; wakipanda, hupanda. Sangala naye, aliye mkubwa kupita mikeke, huwala. Ndege wa ziwani huwakamata juu ya maji, na karibu na pwani samaki wengine wengi huwavizia watoto wao.

Mtu angeweza kusema: Heri mikeke wasingekuwako, tungepata ndakala wengi zaidi. Lakini mikeke naye ni chakula cha watu, na nyama yake inasifiwa Uvira na Bujumbura. Nyama hiyo yatoka wapi? Yatoka kwa ndakala. Anayekula mikeke anakula ndakala kwa njia nyingine. Wavuvi wa zamani walijua jambo hili: mahali walipoona mikeke wengi, walitafuta ndakala karibu yao.

7. Kuzaa na kukua

Ndakala haishi miaka mingi. Anaishi mwaka mmoja au kupita kidogo. Kabla ya kutimiza mwaka, akifika karibu sentimeta 7, yuko tayari kuzaa. Hajengi tundu, halindi mayai, halishi watoto. Jike hutaga mayai maelfu ndani ya maji, mbali na pwani, na dume huyarutubisha papo hapo.

Yai ni dogo mno. Nalo lina hatari moja: linazama. Likizama polepole, linaelekea kule chini pasipo hewa. Likifika kule kabla ya kutotolewa, litakufa. Lakini yai hilo hutotolewa upesi, baada ya siku moja na kitu tu, lingali njiani kushuka. Mtoto hutoka, mwembamba kama uzi, angavu kama maji, naye huanza kupanda kutafuta nuru na chakula.

Watoto wengi husogea karibu na pwani. Hapo maji ni haba, planktoni ni nyingi, na samaki wakubwa wa katikati ya ziwa hawafiki sana. Pwani za mchanga zilizotulia ni kama shule ya watoto wa ndakala. Wakisha kupata nguvu huondoka, huenda kujiunga na makundi ya maji makubwa. Lumbu naye hutaga karibu na pwani, na watoto wake hukaa huko muda mrefu zaidi.

Inafaa kushika maneno mawili katika sura hii. La kwanza: ndakala hukua upesi na kuzaa sana, kwa hiyo wakivuliwa wengi, ziwa laweza kujazwa tena upesi. La pili: ndakala huishi muda mfupi, kwa hiyo wazazi wakikosa kutaga mwaka huu, hakuna wazee watakaotaga mwaka ujao. Mti wa mwembe ukikosa matunda mwaka mmoja, mti ungaliko. Ndakala ni kama mahindi: usipokuwa na mbegu, msimu ujao huna shamba.

8. Wavuvi wa usiku

Tangu zamani watu wa ziwa waligundua kwamba ndakala hufuata nuru. Mvuvi aliwasha moto wa majani makavu au wa vijiti mbele ya mtumbwi. Vidudu vilikuja kwenye nuru, ndakala wakaja kwa vidudu, na mtu akawateka kwa wavu wenye mpini mrefu, unaoitwa lusenga.

Baadaye zilikuja taa za pampu zinazowaka kwa petroli. Katika miaka ya 1950 wavuvi walianza kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti, na kushusha kati yake wavu mpana. Taa huning'inia juu ya maji. Baada ya saa kadha, kundi likiwa limejaa chini ya nuru, watu huvuta kamba kwa pamoja, na wavu hupanda na samaki. Siku hizi wengi hutumia taa za umeme, zenye betri na zinazojazwa kwa jua. Mtu anayesimama mlimani juu ya Uvira usiku huona taa hizo mbali ziwani, kama mji uliojengwa juu ya maji.

Usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Kwa nini? Mwezi ukiwa mkubwa, nuru iko kila mahali, na taa ya mvuvi haiwezi kuwavuta samaki. Ndiyo sababu bei ya ndakala sokoni hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi.

Asubuhi mitumbwi hurudi pwani, na kazi ya wanawake huanza. Ndakala mbichi haweki. Kabla ya jioni ananuka. Basi huanikwa juu ya mchanga, au, vizuri zaidi, juu ya vichanja virefu ambapo mchanga, mbuzi na kuku hawafiki. Jua likiwa kali, hukauka kwa siku moja au mbili. Kilo 3 au 4 za ndakala wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Mvua ikinyesha juu ya vichanja, kazi ya usiku mzima huharibika kwa saa moja. Ndakala aliyekauka vizuri hutiwa katika magunia, naye husafiri mbali, mpaka milimani na mpaka miji ya migodi, kwa watu wasiojua ziwa kwa macho.

9. Safari ya lumbu

Kaskazini mwa Tanganyika liko ziwa Kivu. Mto Ruzizi unayaunganisha: unatoka Kivu, karibu na Bukavu, na kuingia Tanganyika karibu na Uvira. Lakini Kivu liko juu sana. Uso wake uko karibu meta 1,460 juu ya bahari, na uso wa Tanganyika uko karibu meta 770. Ruzizi unashuka kwa maporomoko makali, na samaki hawezi kuyapanda.

Kwa sababu hiyo Kivu halikuwa na samaki wa kula vidudu vya katikati ya ziwa. Vidudu vilikuwapo, lakini chakula hicho hakikuwa na mlaji, na watu wa kando walipata samaki wachache. Kati ya mwaka 1958 na 1960, watu wa serikali ya Wabelgiji walichukua watoto wa ndakala na wa lumbu Tanganyika, wakawapeleka katika Kivu. Kazi ilikuwa ngumu, maana samaki hawa wadogo hufa upesi wakisafirishwa.

Miaka ilipita, na watu wengi walidhani kazi ile imepotea bure. Ndakala kweli hawakuishi. Lakini lumbu waliishi. Lumbu hachagui chakula sana: hula vidudu vya maji, wadudu, na hata watoto wa jamii yake. Katika miaka ya 1970 watu waliona makundi makubwa katika Kivu, na uvuvi mpya ukaanza. Watu wakampa jina la sambaza. Leo sambaza anauzwa Bukavu, Goma, Idjwi na upande wa Rwanda. Wavuvi wake hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, nao huimba wakipiga kasia wakati wa jua kushuka.

Mwaka 1967 na 1968 lumbu walipelekwa pia kusini, katika ziwa Kariba, lililofanywa na watu kwa kuzuia mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko nako waliongezeka. Kisha walipita wenyewe katika ukuta wa maji, wakafuata mto, wakafika ziwa Cahora Bassa katika nchi ya Msumbiji.

Hata hivyo mgeni hubadili nyumba anamoingia. Wataalamu waliona kwamba kidudu kikubwa kuliko vingine katika maji ya Kivu kilitoweka baada ya sambaza kuingia, kwa sababu walikila chote. Ndiyo maana kuhamisha samaki kutoka ziwa hata ziwa si kazi ya kufanywa na kila mtu kwa kupenda tu. Ukisha kumwachilia samaki katika ziwa, huwezi kumtoa tena.

10. Hatari za leo

Wavuvi wa Tanganyika hulalamika kwamba ndakala wamepungua. Sababu ni zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza haitoki kwa wavuvi. Dunia inazidi kupata joto, na ziwa vilevile. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu ya Tanganyika yameongezeka joto, na kwa hiyo yamekuwa mepesi zaidi. Upepo ule ule sasa hauwezi kuyachanganya na maji ya chini kama zamani. Mbolea inapanda kidogo, planktoni inapungua, na chakula cha ndakala kinapungua.

Sababu ya pili ni wingi wa watu na wa mitumbwi. Sababu ya tatu ni nyavu za macho madogo. Watu wengine huvuta kokoro katika pwani za mchanga. Wengine hushona vyandarua vya mbu, wakakokota navyo watoto wa ndakala na wa lumbu katika ile shule yao ya pwani. Mara nyingi anayefanya hivyo si mtu mbaya. Ni mtu mwenye njaa, asiye na fedha za kununua wavu mzuri, naye anataka watoto wake wale leo.

Lakini hesabu ifanywe vizuri. Chukua ndakala mwenye sentimeta 3 na nusu, na mwingine mwenye sentimeta 7. Huyu wa pili ni mrefu mara mbili. Je, uzito wake nao ni mara mbili? Hapana. Amekuwa mrefu mara mbili, mpana mara mbili, na mnene mara mbili. Mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, ni mara nane. Basi anayevua ndoo moja ya watoto wa ndakala amechukua samaki ambao wangeweza kujaza ndoo nane baada ya miezi michache. Ni kweli, wote wasingefika. Mikeke wangekula wengi. Tuseme nusu wangeliwa. Zingebaki ndoo nne, na wengine kati yao wangekuwa wamekwisha kutaga.

Kwa sababu hiyo nchi nne za ziwa zilikubaliana kwamba uvuvi ufungwe miezi mitatu kwa mwaka, tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano hata tarehe 15 ya mwezi wa nane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake siku hizo. Miezi hiyo si rahisi. Mvuvi hana mshahara. Asipokwenda ziwani, chungu chake kinabaki kitupu, na watoto wake hawaelewi sheria. Wavuvi wengi husema: Tufunge, lakini tule nini? Ulizo hilo ni la haki. Jamaa iliyokausha ndakala na kuweka magunia, iliyo na shamba la muhogo na maharagi, inavuka miezi hiyo vizuri kuliko jamaa isiyo na kitu ila mtumbwi. Tena sheria haifai kitu kama upande mmoja wa ziwa unafunga na upande mwingine unavua, maana ndakala hawajui mpaka wa nchi.

Kuna mambo ambayo hata mtu asiye na mtumbwi aweza kuyafanya. Chandarua kitundikwe juu ya kitanda, kizuie mbu. Mama anayenunua sokoni akatae watoto wa ndakala walio kama uzi, na anunue waliokomaa. Miti ya milimani isikatwe yote, kwa sababu mvua hupeleka udongo ziwani, na udongo huo huchafua maji ya pwani, mahali watoto wa samaki wanapokua. Na ndakala wanaoanikwa wawekwe juu ya kichanja, wasioze. Samaki aliyeoza amevuliwa bure, na mahali pake mwingine atavuliwa.

Maneno ya kushika

Kichanja: meza ya miti ya kuanikia samaki.
Kokoro: wavu mrefu unaovutwa mpaka pwani.
Kusi: upepo utokao kusini wakati wa kiangazi.
Lusenga: wavu wenye mpini wa kutekea samaki.
Planktoni: mimea na vidudu vidogo sana vinavyoelea majini.

Maulizo

1. Taja majina manne ya ndakala, na nchi au miji yanapotumika.
2. Rangi ya mgongo na ya ubavu humsaidia ndakala namna gani?
3. Kwa nini samaki hawakai katika maji ya chini kabisa ya ziwa Tanganyika?
4. Mbolea ya ziwa iko wapi, nayo hupanda juu kwa nguvu ya nini?
5. Mvuvi wa ndakala hufanya kazi usiku. Kwa nini? Na kwa nini hupumzika wakati wa mbalamwezi?
6. Yai la ndakala lina hatari gani, nalo linaokoka namna gani?
7. Sambaza alifikaje katika ziwa Kivu, naye hakuweza kupanda mto Ruzizi?
8. Hesabu: Samaki mmoja ana sentimeta 3, mwingine wa aina ile ile ana sentimeta 9. Wa pili ni mzito mara ngapi kuliko wa kwanza?
9. Uliza nyumbani: Zamani ndakala walivuliwa namna gani, na leo wanavuliwa namna gani? Andika majibu katika daftari.